Mipongamia kwenye mashamba ya michungwa iliyokufa: kisa cha Florida

Mwaka 2016 watafiti walitoa taarifa kwamba mdudu mfyonzaji wa Asia, yule anayeeneza ugonjwa wa ukijani wa michungwa, ameonekana Morogoro. Haukupita muda mrefu ikatoka taarifa kama hiyo kutoka Kenya. Mimi ni mtoto wa Muheza. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye machungwa, na habari ile ilinikosesha raha. Nikaanza kusoma kuhusu mahali ambapo mdudu huyo amekwisha kufanya kazi yake mpaka mwisho, yaani Florida, Marekani. Nilikuwa natafuta dawa. Dawa sikuipata, lakini nilikuta swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza: michungwa ikishakufa yote, ardhi ile inafanywa nini?

Kisa ninachokichambua hapa ni jibu moja kati ya majibu kadhaa waliyojaribu wenzetu wa kule. Walipanda mti wa mbegu za mafuta kutoka India, mpongamia, kwenye mistari ileile iliyobeba michungwa.

Tuanze na kifo chenyewe. Mdudu alionekana Florida mwaka 1998. Urefu wake ni milimita tatu hadi nne tu, na ukitaka kumtambua angalia anavyokaa: akinyonya jani huinamisha kichwa na kuinua mkia juu, kama msumari uliopigwa upande. Kwa miaka saba hakuleta kishindo kikubwa. Agosti 2005 ugonjwa wenyewe ukathibitishwa kusini mwa jimbo, upande wa Miami. Wachina, walioujua tangu zamani, huuita huanglongbing. Bakteria huingia kwenye mishipa inayoteremsha chakula kutoka majanini kwenda mizizini, mishipa inaziba, na mizizi inakufa njaa huku majani bado yapo juu. Tunda hubaki dogo, limepinda, kitako chake kijani, ladha yake chungu, na hudondoka kabla ya siku zake. Ubaya zaidi ni kwamba mti unaweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote huku wadudu wakichota ugonjwa kwake na kuupeleka kwa jirani.

Msimu wa 2003/04 Florida ilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa, kila sanduku likiwa na uzito wa karibu kilo 41. Msimu wa 2022/23, baada ya kimbunga Ian, walipata chini ya milioni 16. Msimu wa 2024/25, baada ya kimbunga Milton, takriban milioni 12. Wapo wanaosema vimbunga ndivyo vilivyomaliza machungwa ya Florida. Mimi sikubali. Vimbunga vilikuwapo tangu zamani na michungwa iliinuka kila mara. Mti ambao mizizi yake imeoza kwa njaa hauna nguvu ya kushika matunda upepo ukivuma, wala ya kuchipua baada ya dhoruba. Januari 2025 kampuni ya Alico, mojawapo ya wakulima wakubwa kabisa wa machungwa jimboni, ilitangaza kwamba baada ya msimu ule inaachana na zao hilo.

Eneo nalo likapungua. Katikati ya miaka ya 1990 Florida ilikuwa na zaidi ya ekari 850,000 za machungwa, mabalungi na matunda ya jamii yake. Mwaka 2024 zilikuwa zimebaki chini ya 280,000. Si zote zilizopotea zilitelekezwa, kwa sababu nyingi zimejengwa nyumba. Lakini nyingi pia ziliachwa zikiwa na miti yake.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa na utamu kwa mtu anayependa mambo ya mashamba, kwa sababu shamba la matunda likiachwa halirudi kuwa pori la kawaida. Upande wa mashariki wa jimbo, kwenye ukanda wa Indian River ambako mabalungi yake yalisifika duniani, ardhi ni tambarare na maji yako karibu na uso. Mchungwa haupendi kusimama majini. Kwa hiyo wakulima wa zamani walichimba mitaro, wakainua matuta mapana, wakapanda mistari miwili ya miti juu ya kila tuta. Wakatandaza mabomba yenye vinyunyizio vidogo chini ya kila mti, wakafunga pampu, wakajenga barabara za matrekta, wakapata vibali vya kutumia maji. Kazi hiyo yote ya vizazi viwili vitatu bado imo ardhini hata mti wa juu ukifa. Mtu akikuuzia shamba kama hilo, anakuuzia pia mifereji ya babu yake.

Na shamba hilo, likiachwa, ni hatari kwa majirani. Michungwa mizee haifi siku moja. Inaendelea kutoa machipukizi machanga, na machipukizi machanga ndiyo mdudu anapotaga mayai. Jirani anapiga dawa kila mwezi, wadudu wanarudi kutoka shamba lisilo na mwenyewe. Mpilipili wa Brazili, mti vamizi unaowasumbua sana watu wa Florida, unajaza nafasi, mimea ya kutambaa inafunika kila kitu. Serikali ya jimbo ililazimika kuweka mpango wa kuwashawishi wenye mashamba wang'oe miti iliyotelekezwa, na kuwapa nafuu ya kodi ya ardhi wanaokubali. Kodi ni jambo zito kule: ardhi inayolimwa hutozwa kidogo, na ikionekana hailimwi inaweza kupandishwa hadi thamani ya soko. Mwenye shamba hawezi kukaa tu akisubiri dawa ya ugonjwa igunduliwe.

Kwa hiyo walijaribu vingi. Wapo walioweka ng'ombe, na wapo waliokodisha kwa paneli za umeme wa jua. Kaunti ya Martin kuna shamba la Caulkins ambalo tangu 2014 limegeuzwa bwawa. Maji ya mfereji husukumwa humo, yanazama taratibu ardhini badala ya kukimbilia baharini na uchafu wake, na mamlaka ya maji inamlipa mwenye shamba kwa huduma hiyo. Niliposoma hilo nilisimama kidogo. Mkulima aliyeishi kwa kuondoa maji kwenye ardhi yake sasa analipwa kwa kuyaweka.

Mpongamia uliingia kwenye foleni hiyo ya mawazo. Ni mti wa jamii ya mikunde, asili yake India, Asia ya Kusini Mashariki, kaskazini mwa Australia na visiwa vya Pasifiki. Kwa Kihindi huitwa karanj. Unafika mita 15 hadi 25, una maua ya zambarau hafifu, na ganda lake gumu hubeba mbegu moja, mara chache mbili. Mbegu hiyo ina mafuta kati ya asilimia 30 na 40. Wahindi wameyatumia tangu kale kwa taa, sabuni, kulainisha ngozi na kufukuza wadudu, na katika jimbo la Karnataka vijiji kadhaa vilijaribu kuendesha majenereta kwa mafuta hayo. Hayaliki yakiwa mabichi. Yana vitu vichungu, karanjini na pongamoli, ambavyo ndivyo vinavyowafukuza wadudu na ndivyo vinavyowafukuza walaji.

Mti huu haukuwa mgeni Florida. Ulikuwa umepandwa mitaani kwa ajili ya kivuli. Mwaka 1990 mtaalamu wa mimea Julia Morton aliandika kwamba haufai kwa bustani za Florida, lakini una kazi nyingi katika nchi zisizoendelea. Ulichukiwa kwa sababu ya takataka zake, maganda na majani yanayodondoka bila kukoma. Miaka ishirini baadaye maganda yaleyale yanayodondoka yakawa ndiyo bidhaa.

Aliyelibeba wazo hilo ni Naveen Sikka, aliyeanzisha kampuni ya Terviva huko California mwaka 2010. Kampuni ilipanda Hawaii, kwenye ardhi iliyoachwa na mashamba ya miwa kisiwani Oahu, na ilipanda Florida, ukiwamo ukanda wa Kaunti ya St. Lucie, kwa kushirikiana na watu waliokuwa wakulima wa machungwa. Naona huo ushirikiano ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya. Hawakuleta watu wapya waje kujifunza ardhi. Waliwafuata wenye ardhi, wenye matrekta na wenye kujua tuta lipi linashika maji mwezi wa Septemba.

Ukiangalia jinsi mti unavyokaa kwenye shamba lile, unaona kwa nini wazo lilikubalika. Mpongamia unavumilia maji yaliyotuama na unavumilia ukame, kwa hiyo matuta na mitaro ya zamani inautosha na kubaki. Unavumilia chumvi, jambo lenye maana karibu na pwani. Kwa kuwa ni jamii ya mikunde, vinundu vya mizizi yake hujitengenezea naitrojeni, na uchungu wake unawafukuza wadudu wengi. Mkulima aliyekuwa akipiga dawa na kumwaga mbolea kwenye michungwa mgonjwa, kila mwaka zaidi na kila mwaka mavuno kidogo, anaona gharama hizo zikipungua sana. Kuvuna nako hakuhitaji kundi la wachumaji wenye ngazi. Mashine hushika shina na kulitikisa, maganda yanadondoka, kama wanavyovuna lozi na pistachio.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa mwambao tutaielewa haraka. Ghuba nyembamba ya Indian River, iliyo kando ya ukanda ule, imeumia kwa mbolea na maji machafu. Mwani ukizidi, maji yanakuwa na giza na majani ya bahari yanakufa. Mwaka 2021 takriban nguva elfu moja na mia moja walikufa Florida, wengi wakiwa wamekosa majani ya kula katika ghuba hiyo. Mashamba si chanzo pekee, makaro ya vyoo vya nyumba nayo yamo. Lakini kila ekari inayopunguza mbolea juu ya mitaro inayoelekea kwenye ghuba ile inasaidia, na mimi ningeipanda miti hiyo kwa sababu hiyo peke yake kama ningekuwa na ardhi pale.

Sasa upande mgumu.

Mpongamia huchavushana mti kwa mti. Ukipanda mbegu kutoka mti mzazi mzuri, watoto wanatoka kila mmoja na tabia yake: mmoja anazaa magunia, mwenzake aliye mita tano kutoka hapo anazaa mfuko mmoja, mwingine anakomaza maganda yake miezi miwili baada ya wote. Kwa mti wa kivuli hilo si kitu. Kwa mashine inayopita mara moja kutikisa, hilo ni hasara tupu. Njia ni ileile tunayoijua kwenye maembe na machungwa: tafuta miti bora, kata vikonyo, bebesha kwenye miche. Tofauti ni kwamba mchungwa umechaguliwa na binadamu kwa karne nyingi, na mpongamia ulikuwa bado mti wa porini na wa barabarani. Kampuni ilibidi ikusanye aina, izipande, isubiri. Mti unaanza kuzaa vizuri baada ya miaka minne hadi sita, na huwezi kujua kama ulichagua vizuri mpaka uone misimu kadhaa ya mavuno. Jaribio moja linakula miaka kumi. Ndiyo maana naomba msomaji asishangae kwamba ekari zilizopandwa mipongamia Florida ni kipande kidogo sana cha ekari zilizopoteza michungwa. Waliokwenda polepole walifanya sawa.

Gumu la pili ni uchungu. Mafuta yanayouzwa kwa mitambo tu bei yake inafungwa na bei ya mafuta ya ardhini, na mti unaosubiriwa miaka mitano hauwezi kuishi kwa bei inayopanda na kushuka hivyo. Terviva ikatafuta njia ya kuondoa karanjini na pongamoli ili mafuta yaweze kuliwa na mashudu yaweze kutoa protini. Kwa upande wa nishati iliingia ushirikiano na kampuni ya Kijapani Mitsubishi kuhusu malighafi ya mafuta ya ndege yasiyo ya ardhini. Kwa hiyo mbegu moja ina wateja wa aina tatu: mpishi, mfugaji na rubani. Naona hapa ndipo kisa chote kinapopimwa. Shamba lilikuwepo, mti ulikubali, mashine zilikuwepo, wakulima walikuwa tayari. Kiungo chembamba ni kiwanda cha kuondoa uchungu, chenye ukubwa wa kutosha na karibu na shamba, pamoja na mnunuzi aliyefunga mkataba wa miaka mingi. Wenye mashamba walioamua kusubiri walilijua hilo. Mzee aliyezika ekari mia tano za michungwa hapandi mti mwingine wa miaka thelathini kwa ahadi ya mdomo.

Na liko suala la mti mgeni kugeuka vamizi. Jimbo lililoteswa na mpilipili wa Brazili lina haki ya kuuliza. Mbegu nzito ya mpongamia haipeperuki na ndege hawaisombi kama tunda la mpilipili, ila ganda lake huelea majini, na shamba lenye mitaro ni shamba lenye mito midogo mia. Ningetaka kuona kingo za mitaro zikikaguliwa kila mwaka.

Siwezi kuandika haya bila kukumbuka mbono kaburi. Kati ya 2005 na 2009 nchi yetu ilijaa habari za mti huo: unamea popote, hautaki maji, mbegu zake ni dizeli. Kisarawe kampuni moja ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka kwenye vijiji, na kufikia 2011 kazi ilikuwa imesimama na wafanyakazi wamerudishwa nyumbani. Kilwa nako mradi mwingine mkubwa ulianguka. Mbegu zilizopandwa zilikuwa za porini, hazikuchaguliwa. Matunda yalikomaa kwa zamu kwenye tawi moja, kwa hiyo mchumaji alirudi mti uleule mara nne. Mti ulimea kwenye ardhi mbaya, kweli, lakini kumea si kuzaa. Bei ya mafuta ya ardhini, iliyokuwa imevuka dola 140 kwa pipa katikati ya 2008, ikaporomoka kabla mwaka haujaisha. Na ardhi iliyotumika haikuwa shamba lililokufa. Ilikuwa ya watu, yenye kuni, visima na makaburi.

Ukiweka visa hivi viwili pamoja unaona tofauti iko kwenye mpangilio wa kazi. Florida walianza na ardhi ambayo tayari ilikuwa imeshindwa na ina mabomba, wakachagua aina, wakabebesha, wakashughulikia uchungu, halafu wakaongeza ekari kidogo kidogo. Kwetu ekari zilikuja kwanza.

Lakini hata Florida haina jibu kwa kila shamba lililotelekezwa. Mikorosho ya kusini mwa Tanzania iliachwa pia. Msimu wa 1973/74 nchi ilizalisha karibu tani 145,000 za korosho, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na miti yao, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia. Mtu angeweza kusema ing'olewe ipandwe kitu kingine. Kilichoirudisha ni unga wa salfa, upogoaji, na wenyewe kurudi mashambani. Ubwiriunga una dawa. Ukijani hauna. Swali la kwanza kwenye shamba lililoachwa kwa hiyo si upande nini, ni kuuliza kama kilichoua shamba hilo bado kipo, na kama kinaweza kutibika.

Muheza tuna bahati kidogo na bahati mbaya. Ugonjwa wa ukijani tunaoufahamu Afrika huenezwa na mdudu wa hapa, anayependa baridi ya milimani na kuacha vipele juu ya majani. Yule wa Asia anapenda joto la mabondeni, kama letu. Shida yetu ya kila mwaka imekuwa nyingine: msimu ukifika machungwa ni mengi, bei inaanguka, na mengine yanaozea chini ya mti kwa kukosa kiwanda.

Nilimsimulia mjomba kisa cha mipongamia tukiwa shambani kwake. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: "Hizo mbegu, mwanangu, nani anakuja kuzichukua?" Sikuwa na jina la kumtajia. Asubuhi ile tuligeuza majani machanga ya miti arobaini, mmoja mmoja, tukitafuta mdudu aliyeinua mkia. Hatukumwona. Tutarudia mvua za vuli zikianza, machipukizi yakitoka.